Kuvuka Jilaal: Mwongozo wa Matembezi ya Karibu kwa Wakazi wa Garissa na Kaskazini Mashariki

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, majira ya baridi huja na mchana mfupi, anga zito na unyonge wa moyo unaorudi kila mwaka. Mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani waliieleza hali hiyo kitaalamu, na kwa Kiswahili yaweza kuitwa sonona ya majira, yaani huzuni nzito inayoanza wakati uleule wa mwaka na kuondoka majira yanapobadilika. Garissa haina baridi ya namna hiyo. Mji huu uko karibu kabisa na ikweta, kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na urefu wa mchana wake hutofautiana kwa dakika chache mno mwaka mzima, kwa hiyo mkazi wake hana sababu ya kulalamikia uhaba wa mwanga. Hata hivyo naye ana majira yake ya unyonge, nayo ni jilaal, kiangazi kikali ambacho katika kalenda ya wafugaji wa Kisomali huanza karibu na Januari na kudumu hadi mvua za gu zinapofunguka mwezi wa Aprili. Katika miezi hiyo watu hujifungia ndani mchana, hulala vibaya usiku, huacha kutembeleana, na wengi hujikuta wamechoka bila ya kufanya kazi iliyowachosha.

Hoja ya mwongozo huu ni kwamba kinachomnyima mkazi wa Garissa mapumziko katika jilaal ni saa anayochagua kutoka kuliko umbali wa mahali anapokwenda. Anayeweza kugharimia safari ya Mombasa na aende, lakini safari hiyo huja mara moja kwa mwaka, ilhali moyo huinama kila wiki. Matembezi mafupi, ya karibu, yenye wenzi na yaliyopangwa katika saa zinazofaa ndiyo yanayoweza kurudiwa mpaka yakawa desturi, na manufaa yake hutokana na kurudiwa huko.

Jinsi joto linavyoinamisha moyo

Miaka mitatu baada ya maelezo ya Rosenthal, yaani mwaka 1987, Thomas Wehr na wenzake katika taasisi hiyohiyo walieleza kundi jingine la wagonjwa ambao sonona yao ilikuja wakati wa joto na kuondoka wakati wa baridi. Wagonjwa wa baridi huelekea kulala sana na kula sana, lakini wale wa joto mara nyingi hukosa usingizi, hupoteza hamu ya chakula na huwa wepesi wa kukasirika. Si kila mkazi wa Garissa aliyechoka mwezi wa Machi ni mgonjwa wa sonona, ila maelezo hayo yanasaidia kuonyesha kwamba uhusiano kati ya joto na hali ya moyo si uvivu wala upungufu wa imani, kama watu wanaoelemewa wanavyoambiwa wakati mwingine.

Njia ya kwanza ambayo joto hupitia ni usingizi. Ili mtu alale vizuri, joto la ndani ya mwili wake hupaswa kushuka kidogo wakati wa usiku, na chumba chenye paa la mabati lililopigwa na jua kutwa nzima huendelea kutoa joto saa nyingi baada ya Magharibi, hivyo mwili ukakosa pa kupozea. Njia ya pili ni kufungiwa, kwa maana kwamba mchana mzima wa kukaa ndani humwondolea mtu mwendo, mazungumzo na mabadiliko ya mandhari, mambo ambayo moyo huyahitaji hata pale mwenyewe asipojua. Njia ya tatu ni wasiwasi wa maisha, kwa kuwa jilaal ndio wakati malisho yanapokwisha na mifugo kukonda. Mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, familia nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zilipoteza ng'ombe, mbuzi na hata ngamia, na kuanguka kwa mioyo kulikofuata hakungeweza kutibiwa kwa matembezi. Kwa hiyo msomaji asitarajie matembezi yafanye kazi ya malisho, mshahara au daktari. Kazi yake ni kuuzuia unyonge wa kawaida usiote mizizi.

Kutangulia hamu

Mtu aliyeinamiwa na moyo huwa na kawaida ya kusubiri hamu: atatoka akijisikia vizuri, na kwa kuwa hajisikii vizuri, hatoki. Tiba ya saikolojia inayoitwa uamshaji wa mwenendo hugeuza mpangilio huo, kwani humtaka mtu apange mapema mambo madogo yenye kupendeza au yenye maana, ayafanye kwa saa iliyopangwa hata kama hana hamu, kisha aangalie hali yake baadaye. Mara nyingi hamu hufuata tendo badala ya kulitangulia.

Kwa vitendo, inashauriwa mpango wa wiki uandikwe kwenye karatasi au kwenye simu, ukiwa na matembezi mawili mafupi ya siku za kazi, kila moja la nusu saa hadi saa moja, na moja refu la mwisho wa wiki. Kila tembezi liwe na siku, saa, mahali na mtu wa kwenda naye, kwa sababu mpango usio na mwenzi huvunjwa kwa urahisi, na ahadi aliyopewa rafiki humwamsha mtu hata pale nia yake mwenyewe ilipolala.

Kuchagua saa na majira

Garissa jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi, likachelewa kidogo zaidi Januari na Februari, na hutua baada ya takriban saa 12. Kati ya sala ya Alfajiri na saa 2 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 na nusu alasiri hadi Magharibi, hewa huwa ya kuvumilika na mwanga huwa mzuri. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 alasiri, katika jilaal, hakuna tembezi la burudani linalofaa, na muda huo uachiwe kivuli, usingizi mfupi na kazi za ndani. Mwanga wa asubuhi una faida ya ziada, kwa kuwa huupangia mwili saa yake ya ndani, na mtu aliyetembea nje alfajiri kwa kawaida hupata usingizi mapema zaidi usiku.

Mwaka wa Kaskazini Mashariki una vipindi vinne. Gu, mvua za Aprili hadi Juni, na deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba, huleta majani, maua na vidimbwi, lakini pia matope, mbu na mafuriko. Hagaa, kati ya Julai na Septemba, ndiyo miezi yenye nafuu ya joto na upepo mwingi, nayo inafaa kwa safari ndefu, mashindano ya mpira na ziara za wanafunzi. Jilaal hubaki kuwa wakati wa matembezi mafupi ya alfajiri na jioni. Kati ya 2025 na 2028, mwezi wa Ramadhani unaangukia ndani ya jilaal, na familia inayofunga itaona kwamba kutembea polepole saa moja kabla ya futari, mahali palipo karibu na nyumbani, ni bora kuliko kulala hadi adhana, mradi kazi nzito na jua kali viepukwe.

Mahali pa kwenda

Vivutio vya Garissa vimekuwa kama kivuli cha mvumo, kinachowafunika walio mbali, kwa maana watafiti na watalii kutoka nje huvisifu ilhali wenyeji wengi hawajawahi kuvitembelea.

Cha kwanza ni Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, wenye urefu wa karibu kilomita 1,000, unaopita ubavuni mwa mji na kuutenganisha na Madogo na Mororo, vijiji vya ng'ambo katika kaunti ya Tana River. Katika ukingo wake kuna mashamba ya maembe, ndizi, mapapai na tikiti maji yanayonyweshwa kwa pampu, na miti mirefu ya mikuyu na mikoma ambayo chini yake joto hupungua waziwazi. Familia inayomfahamu mwenye shamba inaweza kuomba ruhusa ya kukaa alasiri moja, ikanunua matunda palepale na kuyala kivulini, jambo linalomfaidi mkulima na mgeni pia. Mto wenyewe si wa kuogelea. Una mamba na viboko, na watoto wasiachwe waukaribie bila mtu mzima. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara na kuhamisha watu, kwa hiyo wakati wa gu na deyr inafaa kusikiliza kwanza tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kupanga kukaa mtoni. Mtembezi avae viatu vyenye soli ngumu, maana mathenge, mti wa miiba uliopandwa kuzuia jangwa kisha ukaenea kupita kiasi, hutoboa kandambili.

Cha pili ni hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, inayosimamiwa na jamii, kilomita chache kusini mwa mji. Twiga wake ni wa aina yenye madoa makubwa ya rangi ya kahawia yaliyotenganishwa na mistari myeupe iliyonyooka, aina iliyoorodheshwa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile kuwa katika hatari ya kutoweka. Mbali na twiga, kuna swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu, digidigi na ngiri. Saa nzuri ni ya jioni, wanyama wanapotoka kivulini. Mgeni huwatafuta askari wa wanyamapori wa jamii, hutembea nao kwa miguu, huongea kwa sauti ya chini na hasogei kati ya twiga jike na ndama wake. Akimwona twiga akinywa maji atambue jinsi anavyolazimika kuipanua miguu ya mbele ili kichwa kifike chini, na kwa nini hukawia kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu katika mkao huo hawezi kukimbia haraka. Kutazama jambo moja kama hilo kwa dakika kumi hutuliza akili kuliko kupiga picha mia moja ukiwa ndani ya gari.

Cha tatu ni soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki, ambapo asubuhi ya siku ya mnada mtu anaweza kusimama kando na kujifunza namna madalali wanavyokadiria umri, uzito na asili ya mnyama. Mji pia una historia ya vitabu inayostahili kujulikana na watoto wake: mwezi wa Oktoba 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianzisha Garissa maktaba inayobebwa na ngamia, ili vitabu viwafikie wanafunzi na wafugaji mahali magari yasipofika. Maktaba ya mjini ni kimbilio la saa za joto kwa mwanafunzi asiye na chumba cha utulivu nyumbani.

Cha nne hakina anwani, nacho ni kivuli chochote chenye watu. Wazee wa Kisomali hucheza shax, mchezo unaochorwa mchangani kwa miraba 3, mmoja ndani ya mwingine, iliyounganishwa kwa mistari katikati ya kila upande, na kupata makutano 24. Kila mchezaji ana kete 12 za vijiwe au vijiti, na wachezaji hupanga kete kwa zamu mpaka makutano yote yajae bila ya hata mmoja kuondolewa. Ndipo yule aliyetangulia kupanga kete 3 mstari mmoja anapoondoa kete ya mpinzani wake, nafasi ikapatikana na mwendo ukaanza. Mchezo huu hauhitaji fedha, huchukua muda mrefu na huvuta watazamaji wanaotoa ushauri wasioombwa. Kijana anayeomba kufundishwa na babu yake hupata mchezo na mazungumzo kwa pamoja.

Kwa safari ya siku mbili au zaidi kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini katika eneo la Ijara, ambako mwaka 2012 wanyama 48 wa aina ya hirola, swala adimu kuliko wote wa Afrika, waliingizwa katika eneo lenye uzio ili wazaliane kwa usalama. Hifadhi hiyohiyo ilijulikana duniani mwaka 2017 kwa twiga weupe, na mwaka 2020 jike na ndama wake walipatikana wameuawa, akabaki dume mmoja aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia. Ziara ya huko hupangwa mapema na walinzi wa hifadhi, na hagaa ndiyo majira yake. Wakazi wa Wajir nao wana visima vya kale vya mji wao, ambavyo kwa karne nyingi vimewanywesha ngamia wa njia za wafugaji, na asubuhi penye visima ni burudani tosha kwa anayependa kutazama kazi na kusikiliza nyimbo za kunyweshea mifugo.

Wenzi ni nusu ya tembezi

Historia ya eneo hili ina mfano wa watu walioshindwa na joto na upweke. Gerald Hanley, mwandishi mwenye asili ya Ireland aliyekuwa ofisa wa jeshi katika nchi ya Wasomali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alieleza katika kitabu chake Warriors and Strangers jinsi maofisa waliowekwa peke yao katika vituo vya mbali walivyovunjika akili, na baadhi yao wakajiua. Huko Wajir, mji ulio mamia ya kilomita kutoka baharini, maofisa wa kikoloni walijitafutia nafuu kwa mzaha: waliunda klabu wakaiita Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua mahali pasipo na maji ya kuelea. Mzaha huo uliwapa jioni za pamoja, na jioni hizo ndizo zilizokuwa tiba. Wafugaji waliowazunguka walistahimili joto lilelile bila ya klabu, kwa sababu hawakuishi peke yao: walihama pamoja, wakanywesha pamoja, wakaimba na kutunga mashairi pamoja.

Kwa wanawake, ambao mara nyingi hubanwa na kazi za nyumbani kuliko wanaume na huhitaji faragha, mpango mzuri ni kikundi cha majirani kinachotembea baada ya Alfajiri, au mkusanyiko wa alasiri katika ua wa nyumba moja kwa zamu, wenye chai, sambusa na buraanbur, utanzu wa mashairi ya wanawake wa Kisomali yanayosomwa kwa ngoma na makofi. Haki itendeke katika kugawana kazi: familia isiyompa mama saa mbili kwa wiki kwa kumlelea watoto haijapanga mapumziko, imempangia kazi nyingine. Wazee na watoto wadogo huathirika na joto haraka, kwa hiyo matembezi yao yawe mafupi na yenye vituo vya kivuli.

Chakula, maji na miraa

Mtu mzima anayetoka kwa saa mbili abebe angalau lita 1 ya maji, na anywe kabla ya kuona kiu. Mwenye kichwa kinachouma, kizunguzungu au kichefuchefu apelekwe kivulini, alowekwe maji na kupepewa, na akianza kuchanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali mara moja, kwani kupigwa na joto huua. Chakula cha matembezi kiwe kisichoharibika upesi: nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa hadi ikakauka kisha ikahifadhiwa katika samli, tende, anjera, matunda na chupa ya chai. Maziwa ya ngamia yachemshwe kwanza ili kuepuka homa ya maziwa na maradhi mengine yanayotoka kwa wanyama, na wakati wa mvua nyingi watu wasiguse wanyama wagonjwa wala mizoga, wakikumbuka homa ya Bonde la Ufa iliyozuka Garissa mwaka 1997 na tena mwishoni mwa 2006.

Miraa inahitaji kutajwa waziwazi, kwa kuwa kwa wanaume wengi ndiyo burudani ya jioni. Kemikali yake iitwayo kathinoni huchangamsha kwa saa chache, kisha hufuatwa na kukosa usingizi, ukavu wa moyo na hasira asubuhi yake, yaani dalili zilezile ambazo jilaal tayari imeleta. Asiyeweza kuiacha kwa mara moja anaweza kuanza kwa kuchagua jioni mbili za wiki zisizo na miraa na kuzijaza kwa mpira, shax au matembezi, kwa maana nafasi iliyoachwa wazi hurudiwa na mazoea ya zamani.

Usalama na ruhusa

Kila mtu mzima abebe kitambulisho, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi katika barabara za Kaskazini Mashariki. Kundi limwachie mtu nyumbani taarifa ya njia na saa ya kurudi, lirudi kabla ya giza, liepuke barabara lisizozijua na maeneo ya mpakani, na liulize wazee au walinzi wa eneo kabla ya kuingia msituni. Garissa imebeba majonzi mazito, likiwemo shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, na wapo ambao bado huona kukusanyika ni hatari. Hao wasilazimishwe. Waanze na kundi dogo, mahali wanapopajua.

Jamaa walio ughaibuni

Familia nyingi za Garissa zina ndugu Minneapolis, Toronto au Stockholm, ambako majira ya baridi ni ya kweli. Stockholm, mchana wa katikati ya Desemba huwa wa takriban saa 6 tu, na Minneapolis chini ya saa 9. Ndugu hao wana tiba ya taa yenye nguvu ya lukasi 10,000, kipimo cha mwanga, ambayo mtu hukaa mbele yake kwa kiasi cha nusu saa kila asubuhi kwa ushauri wa daktari. Na kwa kuwa ngozi nyeusi na mavazi ya kusitiri hupunguza vitamini D inayotengenezwa kwa jua, wanafaa kupimwa damu. Aliye Garissa anaweza kuwasaidia kwa simu ya siku maalumu ya wiki, ipigwe akiwa matembezini, ili pande zote mbili zipate sababu ya kutoka nje.

Wakati wa kumwona daktari

Huzuni au kukosa raha kunakodumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika, kushindwa kufanya kazi, kujiona huna thamani au kutamani kifo, si unyonge wa majira tena. Mtu huyo apelekwe katika hospitali ya rufaa ya kaunti au kituo cha afya kilicho karibu, na asiachwe peke yake akizungumzia kujiua. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure ya ushauri nasaha, namba 1199. Dua na kisomo haviathiriwi na tiba ya hospitali, na mgonjwa anaweza kupata vyote viwili.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, mpango wa kwanza uwe hivi: Jumatatu na Jumatano atembee nusu saa baada ya Alfajiri na jirani mmoja, Jumamosi saa 10 na nusu alasiri aende na familia shambani kando ya Tana au Bour-Algi, na Jumapili jioni aandike sentensi moja kuhusu usingizi na hali ya moyo wake. Baada ya wiki nne zitakuwa sentensi nne, ambazo zitamwonyesha matembezi yapi yaongezwe, yapi yaachwe, na iwapo wakati umefika wa kutafuta msaada mkubwa zaidi.